Bastola Niliyoichagua kwa Macho

Mzee mmoja fundi wa bunduki alipoteza kibali chake cha kazi kwa sababu yangu. Nimeanza hapo makusudi, usije ukanipenda njiani kisha mwishoni ukaniona mwongo. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, pale Kakamega, na chanzo chake kilikuwa bastola, au niseme jinsi nilivyoichagua ile bastola. Watu walionifahamu siku zile wanajua kipande kimoja cha kisa hiki. Kipande cha pili nimekaa nacho mwenyewe, na hata mke wangu sijamwambia chote.

Nilikuwa nimepunguzwa kazi serikalini, idara ya mifugo, wakati wenzetu wengi walipopunguzwa. Nikafungua kibanda changu cha dawa za ng'ombe, nikanunua pikipiki kuukuu, nikaanza kuzunguka. Watu waliniita daktari. Sikuwa daktari. Nilikuwa na cheti cha miaka miwili na koti la kijani, lakini mtu akikuita daktari asubuhi, mchana na jioni, siku ya kumrekebisha haifiki. Nilitibu homa ya ndigana, nikazalisha ng'ombe, nikachanja mbwa. Na pale mnyama aliposhindikana kabisa, niliitwa pia, kwa sababu mwenye mnyama hupenda mtu mwingine ndiye afanye.

Hiyo ndiyo kazi niliyoichukia. Nilishaona ng'ombe aliyevunjika kiuno akipigwa shoka mara tatu. Nilishaona mbwa mwenye kichaa akifukuzwa kwa mawe kijiji kizima. Kwa hiyo nilipoomba cheti cha kumiliki bastola, sababu niliyoandika ilikuwa ya kweli, na nataka hilo nalo lihesabiwe. Barua ya chifu nilipata, nikahojiwa, nikasubiri zaidi ya mwaka, nikahojiwa tena. Siku cheti kilipotoka nilikwenda moja kwa moja kumtafuta yule mzee.

Alikaa karibu na soko la Matete. Alikuwa ametengeneza bunduki za serikali maisha yake yote, akastaafu, akapewa kibali cha kukagua na kusafisha silaha za watu wenye vyeti. Wenye matrekta ya miwa kutoka Shianda walimletea zao, na wakulima wakubwa wa mahindi wa Likuyani vilevile. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, vaisi ya kubania vyuma, na dirisha kubwa alilolitoboa mwenyewe apate mwanga. Kibali kilitundikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Alikuwa mjane. Kazi ile ndiyo iliyomwamsha asubuhi, na alilisema hilo wazi bila kujihurumia.

Nilimweleza shida yangu. Akaniuliza swali moja tu.

"Daktari, wewe ukipiganga ng'ombe, watu wanasimamanga wapi?"

Nikacheka. Kwetu ng'ombe haanguki watu wakawa mbali. Wanakuwa wamemzunguka, wengine wameshika mkia, wengine wanamwombea. Na akiwa fahali wa kupigana ndiyo kabisa. Upande ule wa msituni fahali hupelekwa uwanjani alfajiri kwa ngoma za isukuti na nyimbo za sifa, na wanaume hukimbia naye bega kwa bega wakipunga matawi. Fahali wawili wakikabana, watu hubakiza nafasi ya kupitisha pembe tu.

"Basi," mzee akasema, "usichukue risasi ya kuvaa shaba. Ile inaingianga hapa, inatokeanga kule, inatafuta mtoto wa mtu. Chukua ya madini tupu, ile ledi, haina nguo. Inaendanga pole pole, ikiingia kwa mfupa inalala hapo hapo. Lakini hiyo risasi ni laini, daktari. Haiwezi kaa na kila bunduki. Ni lazima utafutie yeye bunduki yake."

Tulisafiri pamoja hadi Nairobi kwenye duka la silaha, mzee amevaa koti la suti na viatu alivyovipaka rangi usiku uliopita. Mwenye duka alituwekea mbili juu ya kitambaa cha kijani. Ya kwanza ilikuwa rivolva iliyokwisha kutumika, ile ya kibuyu cha risasi sita kinachozunguka. Rangi yake ya buluu ilikuwa imechujuka, na mpini wake wa mbao ulikuwa na pengo kama jino lililong'oka. Ya pili ilikuwa bastola mpya, nyeusi tii, ya kupakia kwa mpini, kama zile walizovaa kiunoni walinzi wa wakubwa. Sikuhitaji hata kuishika. Nilishajiona nayo.

Mzee hakuzitazama kwa nje. Alifungua ile rivolva, akaweka kucha ya kidole gumba nyuma ya mtutu ili imulike mwanga ndani, akachungulia kwa mbele. "Mifereji ya kuzungusha risasi iko, mirefu, inashika," akasema. Akaomba risasi moja, kile kichwa cha madini peke yake, akakisukuma kwa kidole kwenye kila tundu la kibuyu, la kwanza hadi la sita. Kilipita kwa kukaza kidogo, bila kudondoka na bila kukwama. Akavuta nyundo, akatikisa kibuyu, hakikucheza. Akatabasamu. Nilikuwa sijamwona akitabasamu hata mara moja.

Kisha akachukua ile nyeusi, akachungulia mtutu wake. Akanikabidhi nitazame. Ndani hapakuwa na mifereji ya kukatwa, palikuwa na miviringo laini tu. Akanieleza polepole, kwa adabu, mwenye duka akisikiliza. Ile ni bunduki nzuri sana, lakini ya risasi za kuvaa shaba. Ukiipa madini matupu, yatajipaka humo ndani safu juu ya safu, shabaha itapotea, na ukiendelea unaweza kuumia. Tena pua ya risasi laini hugota mlangoni mwa mtutu inapopanda kutoka kwenye mpini, ikakwama.

"Chukua huyu mzee mwenzangu," akasema, akiigusa rivolva. "Haina sura, lakini haitakuaibisha."

Neno hilo alilisema yeye, mbele ya shahidi, na mimi nilichukua ile nyeusi.

Nimejaribu miaka yote kujitafutia sababu. Nilisema ni nyepesi. Nilisema inabeba risasi nyingi. Ukweli ni kwamba niliwaza nitakavyosimama sokoni koti likiwa limefunguka kidogo. Niliwaza waliobaki serikalini wakinitazama. Mtu aliyepunguzwa kazi huwa na njaa ya kuonekana, na mimi njaa hiyo ilinizidi, basi. Mzee hakubishana. Aliomba tu nichukue zile risasi za madini matupu hata hivyo, kwa usalama wa watu, kisha akanishika mkono tukiwa bado dukani. "Basi uahidi kitu moja. Ukipiga, hata moja tu, osha mtutu siku hiyo hiyo. Usilale. Na kila mwezi niletee nione." Nikaahidi kwa haraka, kama mtu anavyoahidi kupaka dawa ya vidonda.

Nilimpelekea mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili nikawa na shughuli.

Juma moja kabla ya siku iliyoharibu yote walikuja shemeji zangu. Baada ya kula, tumbo likiwa limejaa obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, mmoja akasema hajawahi kusikia bastola ikilia. Nikawatoa hadi kwenye machimbo ya changarawe nyuma ya shamba, tukasimamisha migomba iliyokatwa, nikapiga. Boksi zima la hamsini. Walipiga makofi, waliruka, wakaniita majina ya jeshini. Mwishoni mwishoni niliona matundu kwenye mgomba yakitawanyika, mengine yakiwa yamechanika upande kama risasi imeingia kwa ubavu. Niliona kabisa. Nikajiambia ni mkono umechoka, nikairudisha bastola kwenye ala bila kuiosha, nikaenda kunywa chai na wageni.

Jumamosi iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa uwanjani upande wa msituni, nimealikwa kama daktari. Fahali aliyependwa kuliko wote alikuwa wa mzee mmoja mwembamba mwenye fimbo ya mpera, mtu aliyemlea yule mnyama toka ndama na kumlisha kwa mkono wake. Katika pigano la pili mguu wa mbele wa fahali wake uliingia kwenye shimo la fuko, ukavunjika tukausikia. Ngoma zikakatika. Mwenzake akafukuzwa kwa mienge ya nyasi. Yule aliyevunjika akabaki amesimama kwa miguu mitatu, akihema, watu wamemzunguka pande zote.

Mchinjaji mmoja Mwislamu kutoka Matungu, aliyekuwa amekuja kujionea kama wengine, alipeleka salamu kwa mwenye fahali na kumwambia yuko tayari, kisu anacho. Mwenye fahali akakataa. Alisema huyu hachinjwi mbele ya watu akirusha miguu, wala haliwi. Aanguke mara moja, kisha azikwe nyumbani kwake. Akageuka akanitazama mimi.

"Daktari, nimeambiwa uko na kitu. Nisaidie, mwana wefwe, mtoto wetu. Mara moja tu."

Nilifungua koti. Siwezi kukana kwamba hata saa ile, na mzee wa watu machozi yanamlengalenga, nilifungua koti polepole zaidi ya ilivyohitajika. Nikamsogelea fahali. Mahali pa kulenga nilipajua kuliko mtu yeyote pale: chora mstari toka jicho hili hadi pembe ile, na jingine vivyo hivyo, piga pale inapokatana. Nilisimama hatua mbili hivi, kwa kuogopa pembe. Nikapiga. Risasi ikapiga pembeni, ikararua chini ya jicho.

Fahali alilia. Mimi nimekaa na ng'ombe maisha yangu yote na sauti ile sitaki kuieleza. Nikavuta tena, bastola haikuitika. Nikaitazama, risasi ya pili ilikuwa imegota mlangoni, pua yake laini imebondeka, sehemu ya juu imebaki wazi nusu. Nilivuta, nikagonga kwa kiganja, nikavuta. Vidole vilikuwa vinateleza. Fahali alizunguka kwa miguu mitatu damu ikimrukia kila aliyekuwa mbele, watu wakikimbia na kurudi, na mwenye fahali amesimama palepale ameshika fimbo kwa mikono miwili, akirudia, "Mara moja, nilisema mara moja."

Yule mchinjaji hakungoja aitwe. Alivua kanzu, akawaita vijana wanne wenye kamba, wakamwangusha, akataja jina la Mungu, na kwa mkato mmoja wa kisu mambo yakaisha. Hakunitazama. Alifuta kisu kwenye majani, akaenda kumpa pole mwenye fahali kwa mikono miwili.

Watu wote wakanigeukia, na mimi bado nimeshika bastola iliyofungua mdomo. Mtu fulani akauliza kwa sauti, "Sasa hii ni nini, daktari?"

Nikasema, "Ni hizi risasi. Zimeoza. Yule fundi wa Matete ndiye alinipa shauri nichukue hizi za bei ya chini."

Lilitoka bila kufikiriwa, na likawafaa watu wote. Walihitaji mtu wa kulaumu asiyekuwa pale. Hata mwenye fahali alitikisa kichwa akasema, "Huyo mzee ni mbaya." Nami nikatikisa changu.

Kufika siku ya soko maneno yalikuwa yamefika Shianda na yameongezwa chumvi. Ikawa mzee anawauzia watu risasi zilizooza, jambo ambalo hakulifanya kamwe, kwani hakuuza hata moja. Wenye matrekta wakachukua bunduki zao. Wa Likuyani wakaacha kuja. Kisha ofisi ya leseni ikamwandikia barua kwamba kibali chake kinachunguzwa, aje na watu wa kumsemea.

Nilijua habari ya barua kwa sababu mimi mwenyewe nilikwenda kwake. Bastola ilikuwa imeshindikana na hakukuwa na mwingine wa kuitengeneza. Nilimkuta amekaa mlangoni, meza imefagiliwa safi, hakuna kitu juu yake.

"Mulembe, daktari. Karibu, keti."

Aliifungua bastola, akaweka kucha yake nyuma ya mtutu, akachungulia. Nilimwona akihesabu kimoyomoyo risasi zilizopita humo. Aliloweka, akasugua kwa brashi ya shaba kwa muda mrefu, na vipande vya madini vikatoka kama magamba ya samaki, akavikusanya kwenye kifuniko cha kopo na kukiweka mbele yangu. Nilisubiri aniulize, nikiwa nimeandaa majibu. Alipomaliza aliipaka mafuta, akanirudishia, akasema hadai chochote. Kisha akaniomba, macho yakiwa chini, kama ningeweza kwenda kumsemea Alhamisi, siku aliyoitwa ofisini. Aliona neno la daktari lingekuwa na uzito. Nikamwambia nitakuja. Na nilikusudia kusema yote, naapa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayapanga maneno juu ya pikipiki.

Alhamisi ile afisa wa leseni alikuwa mtu mpole, anayeandika kwa mkono mzuri. Mzee alikaa kwenye benchi, kile kibali kikiwa ndani ya bahasha magotini, amekitoa kwenye fremu. Afisa akanishukuru kwa kufika. Akaniuliza kama ni mzee huyu aliyenishauri kununua bastola ile.

Jibu lilikuwa fupi: hapana, alinikataza. Lakini nikisema hivyo, swali la pili lingekuwa kwa nini basi niliinunua, na la tatu lingekuwa niliitunzaje, na nyuma ya la tatu kulikuwa na shemeji zangu, machimbo, risasi hamsini zilizopigwa migomba kwa cheti cha kuulia wanyama wagonjwa. Cheti changu kingekwisha asubuhi ile. Nikawaza koti langu, nikawaza sokoni.

"Tulishauriana," nikasema.

Afisa akaandika. "Na risasi?"

"Risasi alichagua yeye."

Hapo nilisema kweli tupu. Alizichagua yeye, kwa sababu ya watoto wa watu waliosimama nyuma ya ng'ombe. Afisa hakujua kuuliza kwa nini, na mimi sikumwambia. Akamgeukia mzee, akamuuliza kama ana la kujibu.

Mzee alinitazama. Nilidhani atasema, na kuna kitu ndani yangu kilichotamani aseme, ili niwe nimelazimishwa. Alikuwa na kila neno alilolihitaji.

"Ni kweli, afande," akasema. "Risasi nilichagua mimi."

Akatoa kibali kwenye bahasha, akakinyoosha kwa kiganja, akakiweka mezani mwenyewe kabla ya kuombwa. Tulitoka pamoja. Nje jua lilikuwa limeshakuwa kali na watu wamejaa kwenye foleni ya vitambulisho. Nikawa nahangaika na ufunguo wa pikipiki. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono kwanza, akaushika wangu kwa mikono yake miwili, kama mtu anavyomshika aliyetoka mbali kuja kumzikia.

"Asante kwa kuja, daktari. Niliomba watu saba, na ni wewe peke yako umekuja."